Ugonjwa Mzuri

Mume wangu anasukuma machela katika hospitali kubwa ya rufaa, ile ambako madaktari husomea, mwaka wa ishirini na sita huu. Wenzake humwita Dokta Magurudumu. Hajasomea chochote, lakini jamani, mdomo! Jirani akikohoa tu upande wa pili wa ukuta, yeye keshautaja ugonjwa wake.

Ni yeye aliyenifundisha lugha ya huko. "Mama watoto, ukimsikia profesa anasema ugonjwa wa mtu ni mzuri, mhurumie huyo mtu. Mzuri maana yake ni adimu, na mbaya. Wanafunzi wataitwa hadi waliopo chooni."

Basi nikaota uvimbe shingoni. Zahanati wakaniandikia barua ya kwenda kwa wakubwa, huko nako wakakata kinyama cha kupima, nikalazwa kusubiri majibu. Mume wangu alinisukuma mwenyewe hadi wodini, na mtu yule asiyenyamaza hata usingizini hakutamka neno. Hapo ndipo nilipoogopa.

Asubuhi profesa akaingia na wanafunzi kumi na wanne nyuma yake. Akaanza na jirani yangu wa kitanda, mama wa makamo mwenye maumivu ya tumbo. Akabonyeza, akatabasamu. "Mzuri sana huu! Njooni, kila mtu aweke mkono." Wakasukumana. Yule mama akawashukuru mmoja mmoja huku anatengeneza kitambaa chake cha kichwa, amefurahi kupata wageni wengi hivyo.

Ikafika zamu yangu. Mume wangu alikuwa mlangoni, kashikilia machela tupu. Profesa akasoma karatasi ya majibu, akanipapasa shingo, akapiga mwayo. "Wa kawaida. Uvimbe utakatwa, ataenda nyumbani. Hapa hakuna la kujifunza, twendeni."

Loo! Nimevaa gauni jipya, nimechana nywele, halafu napigiwa mwayo? Nilitaka kumpa vidonge vyake. Nikageuka, nikamwona mume wangu kaketi sakafuni, analia na kucheka kwa pamoja.

"Wa kawaida, mke wangu! Wa kawaida!"

Hasira ikaniishia palepale, nikaangua kilio na mimi.

Jirani yangu akanyoosha mkono, akanishika kiganja. Alinionea huruma ya kweli.

"Usilie, dada," akaniambia. "Labda kesho na wewe watakuona."