Zizi Lililojazwa kwa Ajili Yangu

Ipo siku moja hainitoki kichwani, mwanangu. Ni siku niliyosimama kwenye mlango wa zizi la watu kule Mgori, nikahesabu ng'ombe watatu na ndama mmoja, nikacheka. Sikucheka kwa sauti, maana shangazi yangu alikuwa kando na angenifinya. Nilicheka moyoni, kisha jioni nikaenda kuyamwaga yote kisimani mbele ya wasichana wa pale. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mdomo wangu haukuwa na breki.

Nimeikumbuka juzi kwa sababu ya mjukuu wangu Elineema. Alikuja kunisalimia hapa Mwankoko siku ya Jumapili, akanikuta napepeta alizeti uani. Akanipa shikamoo, akavua viatu vyake vya mjini, akakaa nami mkekani. Mtoto huyu ni karani kwenye kiwanda cha kukamua mafuta pale mjini, na ana kiwanja alichonunua kwa jasho lake, hatua chache kutoka kwangu. Tulipomaliza kuulizana habari akatoa simu.

"Bibi, hebu ona. Hii ni orodha ya kampuni zenye thamani kubwa kuliko zote duniani."

Akanisomea. Ipo inayotengeneza simu, ipo inayotengeneza vile vidude vidogo vinavyoifanya kompyuta ifikiri, ipo inayochimba mafuta jangwani. Kila moja thamani yake ni matrilioni, tena ya dola. Nikamwambia trilioni mimi siijui, anihesabie kwa ng'ombe. Akabonyeza bonyeza simu yake, akacheka, akasema ng'ombe hao wangeijaza Singida yote na majirani zetu wangekosa pa kulima.

"Sasa hiyo thamani wanaipimaje?" nikamuuliza. "Wanakwenda kuhesabu majengo?"

"Hapana, bibi. Kampuni imegawanywa vipande, vinaitwa hisa. Vinauzwa sokoni na mtu yeyote ananunua. Wanachukua bei ya kipande kimoja kwa siku hiyo, wanazidisha kwa vipande vyote."

"Na bei ya kipande anaipanga nani?"

"Wanunuzi wenyewe. Wakiipenda kampuni, inapanda. Wakiiogopa, inashuka, hata asubuhi na jioni ya siku moja."

"Kwa hiyo wanahesabu maneno ya watu wanaochungulia zizini."

Alicheka hadi akajifuta macho. Halafu akaniambia kilichomleta. Anataka kukiuza kile kiwanja, pesa yote aiweke kwenye kampuni moja, ile iliyo juu kabisa. Mwenzake kazini amenunua hisa zake, na sasa ofisi nzima inamwita mwekezaji. Nikaweka ungo chini. Sikumwambia ndiyo wala hapana. Nilimsimulia habari za babu yake, na wewe nakusimulia hivyo hivyo, maana simu hizo mnazo wote.

Mimi nilizaliwa Ihanja. Jirani yetu alikuwa Mzee Mughenyi, na zizi lake likifunguliwa asubuhi vumbi lilikuwa linaifunika njia yote. Loo, asubuhi zile. Harufu ya samadi yenye umande, kengele shingoni mwa dume kubwa, na sisi wasichana na vibuyu vyetu tukisubiri kundi lipite ndipo tuvuke. Alikuwemo jike mmoja mweusi mwenye baka jeupe tumboni. Nilimpenda ng'ombe yule kuliko nilivyopenda nguo zangu. Nikiwaza kuolewa niliwaza zizi kama lile.

Kisha akaja Ntandu kuposa. Alikuwa kijana mrefu, mpole, wa Mgori. Baba yake alikuwa ameshafariki, mali yote ilikuwa mikononi mwake. Mara mbili tatu kwa mwaka alikuwa akipita Ihanja kwa shughuli zake, na huko ndiko alikoniona. Wazee wakaamua shangazi aende kwanza akaitazame nyumba, kama ilivyokuwa desturi, nami nikamng'ang'ania anichukue. Tulitembea siku mbili. Tukakuta tembe safi, vilindo vya mtama vimejaa, na mama yake, mtu mzima, akitupokea kwa maziwa. Na zizi la miiba ambalo lingeingiza ng'ombe hamsini, ndani watatu.

Niliyoyasema kisimani naona haya kuyarudia. Nilisema watu hawa wamejenga zizi ili wapate pa kuanikia nguo. Wasichana wakacheka, na kwa vile kisima ni kisima, kabla hatujaondoka Ntandu alikuwa ameshayasikia.

Usidhani sikuijua desturi ya kwetu ya kuwekeana ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi hakuwa akikaa nao wote nyumbani. Aliwagawa: watano kwa rafiki huku, watatu kwa shemeji kule, mmoja kwa mjane mwenye watoto. Anayemtunza ng'ombe anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, na baada ya miaka hupewa ndama. Ukame ukipiga huku, kule wanapona. Ugonjwa ukiingia kwa mmoja, kwa wengine hauingii. Yote hayo niliyajua tangu utotoni. Lakini umri ule, mbele ya zizi tupu, nilikuwa nimeyasahau.

Siku chache baada ya kurudi Ihanja nikamwona Ntandu kwenye zizi la Mzee Mughenyi. Alikuwa anawatenga ng'ombe watatu kwa fimbo, na mmoja wao ni yule mweusi wangu.

"Huyo unampeleka wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani," akajibu bila kunitazama. "Baba alimweka mama yake hapa kabla mimi sijaota ndevu."

"Na hawa wengine?"

"Wengi ni wa watu. Mzee mwenyewe anao wanane." Akamswaga yule mweusi. "Baada ya mwezi njoo na shangazi yako mtazame tena."

Nilisimama pale kama nguzo. Zizi nililolitamani maisha yangu yote lilikuwa la wenyewe, na yule niliyemcheka alikuwa mmoja wa wenyewe. Mtu mwenye akili angemwita amrudishe ng'ombe, angemwomba radhi, mambo yakaisha. Mimi nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikihesabu siku.

Ntandu alizunguka vijiji vyote na kuwakusanya. Watu walimpa, maana ng'ombe ni wake, ila nyumba nyingi msimu ule zilipikia watoto uji mkavu, usio na maziwa. Aliyemkatalia ni mmoja tu, Mama Zena, mjane aliyekaa upande wa msituni. Alimwambia, "Mwanangu anaishi kwa maziwa ya huyu. Kama ni kuoa, oa kwa hao wengine." Ntandu aliondoka amekasirika, akamwachia.

Nilipokwenda mara ya pili zizi lilikuwa limejaa. Thelathini na nne, mwanangu, na mweusi wangu katikati yao. Sitakudanganya, moyo ulinicheza. Nilijiona malkia. Mama yake Ntandu peke yake ndiye hakuwa na furaha. Alinikaribisha vizuri, akanipa chakula, lakini macho yake yalikuwa kwa ng'ombe mmoja aliyekuwa anakohoa karibu na ua.

Ilikuwa homa ya mapafu. Yule mmoja alitoka nayo huko alikotoka, na kama angebaki kule angekufa peke yake. Ndani ya zizi moja iliwapitia wote. Habari zilipotufikia Ihanja sikuamini, nikamwomba shangazi twende. Tulikuta wanaume wanachimba mashimo. Ntandu alikuwa shimoni, amekonda, udongo hadi kifuani, na hakuinua uso. Walibaki wanne, nao wa kusimama kwa shida. Mweusi wangu alikuwa ameshafukiwa.

Mama yake akanishika mkono, akanipeleka hadi mlangoni mwa zizi, pale pale niliposimama siku ile ya kwanza.

"Ulitaka kuona ng'ombe, binti yangu," akasema. "Tazama."

Nilitazama. Hakuniachia mkono.

"Mume wangu aliwagawa miaka ishirini ili mwanangu asije akawa maskini. Ninyi wawili mmewakusanya mwezi mmoja ili aonekane tajiri." Hakupandisha sauti. Nikalia, naye akaniacha nilie hadi nikamaliza, kisha akanipa maji ya kunawa uso.

Baba yangu alitaka kuivunja posa, maana mahari ingetoka wapi? Nikamwambia shangazi kwamba nisipoolewa na yule sitaolewa. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani aibu ndiyo iliyonipa. Wakati wazee bado wanavutana, Mama Zena akatokea nyumbani kwa kina Ntandu na kamba mkononi, amemleta mtamba aliyezaliwa na yule ng'ombe aliyemkatalia. Akasema ng'ombe mama na abaki, mtoto wake yeye bado anakunywa maziwa yale, lakini mtamba aende Ihanja. Ng'ombe mzima pekee wa kutolea mahari yangu alikuwa huyo. Wengine walifuata polepole, mmoja baada ya mwingine, hata baba yangu akachoka kuuliza.

Tuliishi na Ntandu miaka mingi. Tulianza upya, tukahamia huku Mwankoko, tukalima alizeti na vitunguu, tukasomesha. Tulipopata ng'ombe tena aliwagawa, ingawa ilimbidi aanze kwa kuwaomba msamaha wale aliowanyang'anya maziwa, na si wote waliompokea. Mimi hakunitupia neno hata siku moja. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mwaka aliofariki, mchana mmoja namlisha uji, likanitoka lenyewe.

"Baba Yohana, wale ng'ombe niliwaua mimi."

Alikisogeza kijiko kando.

"Fimbo niliishika mimi," akasema. "Hata mimi nilitaka waonekane."

Ninamkumbuka kila siku, mwanangu. Hadi leo nikisikia kengele ya ng'ombe njiani nageuka.

Elineema alinisikiliza hadi mwisho, mkono umo kwenye alizeti. Akaniuliza, "Kwa hiyo nisinunue, bibi?"

Nilimwambia sijasema hivyo. Kampuni kama alivyonieleza ni zizi la Mzee Mughenyi: zizi moja, wenye ng'ombe wengi. Kuwa na ng'ombe wako mmoja humo si ujinga, babu yake mwenyewe alikuwa nao watatu. Nikamuuliza tu swali ambalo mimi sikuulizwa nikiwa na umri wake: "Unatafuta maziwa, au unatafuta kuonekana?"

Akainama, akachezea makapi yaliyokuwa chini. "Nataka na mimi waniite mwekezaji," akasema taratibu.

Basi hili ndilo ninalokuusia, mwanangu. Orodha ile inakuambia zizi gani limejaa leo na watu gani wanalisifia. Haikuambii nani anakohoa ndani yake. Usiuze ardhi unayoijua ili usimame mahali ambapo watu wanatazama. Ukitaka kununua, nunua kidogo, kwa akili yako, na ujue kabla hujalipa ni nini utakachokula siku bei ikishuka. Mali yako nyingine iweke kwa watu: kwa ndugu anayelima, kwa jirani anayesomesha, kwa mama mwenye mtoto mdogo, hata kama hakuna atakayeiona akipita njiani. Na ukimpata mtu ambaye zizi lake linaonekana tupu, uliza kwanza ng'ombe wake wako wapi, kabla hujafungua mdomo kisimani.

Mungu akupe riziki inayowashibisha wengi. Akupe ulimi mtulivu kuliko wangu, na mwenzi atakayekusamehe kabla hujapata ujasiri wa kumwomba. Mikono yako isikauke, na nyumba yako isikose maziwa.