Jaketi la Nashoni

Mume wangu, Nashoni Magesa, alinitia wazimu kwa jaketi. Si gari, si kiwanja, ni jaketi. Watu hutoka asubuhi, wakanunua jaketi, wakarudi nyumbani kula ugali wa mchana. Nashoni alihitaji miezi mitatu.

Yeye ni bwana mifugo. Alizaliwa kwenye joto la Usangu, kwenye boma la baba yake, aliyehamia huko na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Baridi ameikuta ukubwani, alipopangiwa kazi Uyole. Kwa miaka kumi na minne amepanda vilima kwa miguu akitibu ng'ombe wa watu, mwilini ana sweta la kufuma ambalo likishanyeshewa mvua halikauki wiki nzima. Mwaka juzi nimonia ikamlaza hospitali siku kumi na moja. Daktari akamwonya asilowe tena. Septemba iliyopita mkuu wake wa kazi akamaliza maneno: kabla ya mvua apate nguo ya kumkinga, la sivyo atahamishiwa stoo ya chanjo, akae mezani. Kwa Nashoni stoo ni kifungo. Mtu huyu huongea na ndama zaidi kuliko anavyoongea na mimi.

Mimi kwetu Mufindi, baridi naijua. Nilimweleza vizuri kabisa. Usichukue koti zito, utatoka jasho mlimani ulowe kwa ndani. Usichukue nailoni tupu, inachemsha mwili. Tafuta lile jaketi laini, linalovutika ukinyoosha mkono kumshika ng'ombe, nje manyunyu yanateleza, ndani lina manyoya mafupi, na kofia yake inakazwa kwa kamba upepo usiivue. Hilo utapanda nalo kilima Jumatatu na Jumapili utakwenda nalo kanisani. Sokoni Soweto, siku wanayofungua belo za mitumba, yapo.

Na kweli yalikuwapo. Kasheshe ni kwamba Nashoni huchagua nguo kama baba yake anavyochagua dume. Kwa akina Magesa ng'ombe hanunuliwi siku ya kwanza. Leo unamwangalia akiwa ameshiba, unakwenda kulala, kesho unarudi kumwangalia akiwa na njaa. Ni busara kubwa mnadani. Kwenye mtumba ni upumbavu, maana kila jaketi liko moja tu, na asiyelishika hana lake.

Mara ya kwanza lilikuwa la kijani. Nashoni akalifinya kola, akavuta mikono, akakagua kwapa, akarudi nyuma hatua tatu alitazame kwa mbali. Rozalia, mwenye meza, alimtazama mpaka akachoka.

"Ni zuri," Nashoni akasema. "Kesho nitapita kuliona tena."

"Baba, huu ni mtumba," Rozalia akamwambia. "Kesho limeshavaliwa Tunduma."

Kesho yake hakulikuta. Likafuata la bluu, hilo nalo akaliachia usiku mmoja likaenda. La tatu lilichukuliwa na mwalimu mmoja wa Ilomba, jirani yetu, na tangu hapo nikawa naliona likipita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi. Nilimwambia Nashoni ngoja ngoja huumiza matumbo. Akanijibu, kwa utulivu ule unaonichefua, kwamba haraka haraka haina baraka. Siku hiyo nilimpakulia chakula bila kumkaribisha.

Novemba ikaingia, mawingu yakakaa juu ya mlima Loleza hayatoki. Mkuu wake akampigia simu: Jumatatu aje, au na nguo, au kuchukua funguo za stoo. Jumamosi nikaenda naye Soweto. Rozalia alikuwa amemwekea jaketi la kijivu, kila kitu sawa, limemkaa kama lilikatwa kwa ajili yake. Nashoni akalivua, akalikunja taratibu, akalirudisha mezani.

"Kesho nitapita," akasema.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nililipia mimi. Nikamvalisha mbele za watu, nikapandisha zipu mpaka kidevuni, nikamfunika kofia na kukaza kamba.

"Baba Blessing, tunatembea kwa miguu mpaka nyumbani," nikasema. "Hapandi mtu gari."

Manyunyu yalianza kabla hatujaliacha soko. Nilimzungusha njia ndefu makusudi, tukatembea kama saa nzima, mimi nagomba. Kitenge changu kikanigandama miguuni. Tulipofika nikamfungua zipu mlangoni na kupitisha mkono ndani, kifuani, mgongoni, chini ya makwapa. Kote kukavu, kuna joto.

"Umeona?" nikamwambia. "Ulikuwa unangoja nini miezi yote hii?"

Akakaa kwenye kigoda, macho chini.

"Nilikuwa naogopa, Mama Blessing," akasema. "Nikiwa sijanunua, bado najiambia lipo litakaloniokoa. Ningenunua halafu nikalowa, basi tena. Ningeenda wapi? Stoo."

Miezi mitatu nilimwita mbishi, nikamwita mtoto wa wachunga ng'ombe, nikamsimanga kwa jirani, na sikumwuliza hata siku moja anaogopa nini. Nikakasirika upya, safari hii kwa hilo: alibeba hofu peke yake, akaniachia mimi hasira.

Jumatatu, kabla hakujapambazuka, alipigiwa simu kwamba kuna ng'ombe wa kule juu ameshindwa kuzaa tangu jana. Mvua ilikuwa inanyesha. Aliivuta kofia, akachukua mkoba wake wa dawa, akasema kwa mkuu wake atapita baadaye na jaketi lake mwilini, akatoka akitembea haraka kama kijana. Nilisimama mlangoni mpaka sikumwona tena. Kisha nikakaa kwenye kile kigoda chake nikalia, na bado nilikuwa nimemkasirikia.