Gitaa Kwenye Uchaga wa Mama

Walisema sitafika pwani kwa miguu. Nilipofika, wakasema shule ya Wadachi itanishinda. Nikamaliza, nikapewa cheti chenye mhuri cha kusoma, hesabu na useremala, na miaka ile ungeweza kuuzunguka mlima Meru wote usikute cha pili. Mjomba wangu alikigeuza pande zote mbili akasema, "Hakina pembe wala mkia. Utakula nini?" Nilipotaja gitaa alicheka mpaka akashika mbavu. Kulinunua sitaweza, alisema, na nikiweza, hakuna atakayelipa kulisikiliza.

Sikuwa na njia nyingine. Pale bomani Arusha karani aliniambia ningoje nafasi, nami nilikuwa nimengoja masika moja na kiangazi kizima. Baba alifariki nikiwa pwani. Mama alibaki na migomba na ng'ombe mmoja wa maziwa, na ng'ombe huyo ndiye aliyenilisha mimi, mtu mzima mwenye viatu. Gitaa nilifundishwa na mwalimu wetu wa useremala, nikalipiga kwenye harusi za makarani, watu wakanitunza fedha. Na askari wa boma walikuwa wakioa kila mara bila muziki ila ngoma.

Karibu na boma alikaa fundi cherehani, Mgoa, aliyekuwa na magitaa mawili ya kuuza.

"Chukua hili, bwana. Lina maua."

Lilikuwa limenakshiwa kweli. Nililiinua usawa wa jicho nikaitazama shingo: imepinda. La pili halikuwa na pambo, na mtu alikuwa ameliwekea kikombe cha moto kikaacha duara jeusi. Lakini shingo ilinyooka, na nilipoligonga tumbo kwa kidole liliitika sawasawa kila mahali.

"Nani kakufundisha kutazama shingo?"

"Nina cheti."

"Basi bei inapanda rupia mbili," akasema, wala hakuwa akitania.

Rupia za bei yote nilizipata kwa mbuzi. Mjomba alinikopesha watatu, rika mwenzangu wawili, na jirani yetu mfuga nyuki wawili, nikawauza wote. Sharti lilisemwa mbele ya mama: masika ikikatika kabla mbuzi hawajarudi, watamchukua ng'ombe wagawane. Mama alikubali kabla sijafungua mdomo. Ningependa angekataa.

Nililileta gitaa nyumbani, kisha nikashuka tena bomani kutafuta kazi. Nikaipata: shaushi mmoja, mkubwa wa askari, alikuwa anamwoza binti yake. Malipo yangetosha mbuzi wanne, mbali ya watakachotunza wageni. Nilipanda mlima kwenye matope nikiimba.

Nilipoingia ndani sikuliona gitaa mahali nilipoliacha. Nikainua macho. Lilining'inia juu ya mafiga, kwenye uchaga, kati ya mashuke ya ulezi wa mbegu na vibuyu vya maziwa, na moshi ulikuwa unalipitia.

"Nimelikinga na dumuzi wasilitoboe," mama akasema, amefurahi. "Mbegu zangu zinakaa hapo. Kibuyu cha bibi yako kiko hapo tangu sijaolewa."

Nililishusha. Joto lilikuwa limeyeyusha gundi, ubao wa mbele umeachia ubavuni, mkono wangu ungepita. Kile kibao kinachoshika nyuzi kilikuwa kimebanduka na kuning'inia nazo. Mama alinitazama usoni, akaacha kukoroga chungu. Nami sikuweza kumkemea, kwa maana alikuwa ameliweka pale anapoweka vitu asivyotaka vipotee. Nilitoka nikasimama kwenye migomba, mvua ikaninyeshea, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nilitamani nisingetoka nyumbani kamwe.

Zilibaki siku tano kabla ya harusi. Habari ilifika kwa mjomba kabla ya jua kupanda. Alikuja na fimbo yake, akapita bila kuniamkia, akamzunguka ng'ombe, akamshika nundu, akamwinua mguu.

"Mjomba, masika haijakatika," nikasema.

"Natazama tu. Cheti kinasemaje juu ya gundi?"

Kilikuwa kinasema, na hilo yeye hakulijua. Nilikwenda kwa wachinjaji nikaokota kwato na vipande vya ngozi, nikavichemsha kutwa nzima mpaka nyumba ikanuka na mama akahamia kwa jirani. Nikapaka, nikabana kwa kamba za mgomba, nikaweka jiwe la kusagia juu. Siku ya pili gundi ilikuwa bado laini kama uji. Hewa yote ilikuwa maji. Bila moto haitakauka, na moto ndio ulioliharibu.

Nikakaa mbele ya mafiga, gitaa magotini, kiganja changu kati yake na makaa. Kiganja kikiungua, nalisogeza. Kikipoa, nalirudisha. Mama alirudi akakaa upande wa pili, akaweka chake. Tulikaa hivyo siku mbili mchana kutwa, tukipokezana. Nilikuwa nimeacha kuamini. Niliendelea kwa sababu yeye alikuwa hajatoa mkono.

Harusini lilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua, na uzi mmoja ulitetemeka vibaya. Nilipiga mpaka vidole vikachanika. Shaushi alilipa. Mwezi ule nilialikwa mara tatu, na sitaficha kwamba hakuna aliyenifikia, maana hakukuwa na mwingine.

Mvua zilikuwa zimeanza kupungua nilipoongoza mbuzi saba kwenye njia za mlimani. Mfuga nyuki alipokea wake akanipa asali. Rika mwenzangu alinikumbatia. Mjomba alifungua kila mbuzi mdomo akahesabu meno, akasema mmoja amekonda, kisha akawaingiza zizini akafunga mlango.

Nilimkuta mama anakamua. Nikamwambia, "Nimewarudisha wote."

"Mshike ndama," akasema. "Ananisumbua."