Siku baba mdogo aliponikana mbele ya karani wa umeme ili apunguziwe bili, Iringa 1957

Wakuu, marahaba kwanza. Najua hamjaniamkia, lakini kwa umri wangu nimeamua nisisubiri.

Juzi humu kuna mdau alisifia nchi za wenzetu zilivyowapunguzia wafanyabiashara bili za umeme wakati wa corona, akasema jambo kama hilo halijawahi kutokea huku kwetu. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Lilitokea Iringa mjini mwaka hamsini na saba, ule mwaka wa homa kubwa ya mafua. Nilikuwepo, na nusura linikoseshe mke.

Ninayoandika ni kweli tupu. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, hivyo mnivumilie. Jina la mhusika mkuu sitalitaja, maana wajukuu zake wamo humu na wawili kati yao wanaamini babu yao alikuwa mtakatifu.

Twende.

Nilishuka mjini kutoka Kilolo nikiwa kijana wa miaka ishirini. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba yangu, alikuwa na nyumba ya vyumba sita karibu na barabara ya malori. Wasafiri wa kutoka Mbeya walilala pale, wakala, wakaoga maji ya moto, asubuhi wakalipa na kuondoka. Kwa lugha yenu hiyo ni guest house.

Kwa lugha ya baba mdogo, hapana. Ilikuwa nyumba ya familia.

Sababu ilikuwa mita ya umeme. Kulikuwa na bei mbili: ya biashara iliyokuwa kali, na ya nyumba ya kuishi iliyokuwa ya huruma. Baba mdogo alikuwa mzee wa kanisa na alijua kusema na dhamiri yake. Aliandikisha nyumba ya kuishi.

Kila mwezi karani wa umeme alipokuja kusoma mita alikuta watu wapya wamejaa uani na mizigo yao. Akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Ni ndugu zangu hao."

Na ndugu walifundishwa. Mgeni akifika, kabla hajaonyeshwa kitanda, alifundishwa salamu yetu ya Kihehe, kusema "Kamwene, baba mdogo." Mnyakyusa, Msafwa, Mbena, wote walisema. Hata namba za milangoni zilifutwa, chumba namba tatu kikaitwa chumba cha shangazi.

Karani alikuwa mtu wa pwani, mpole, jina lake Bwana Sefu. Siku moja alisema, "Mzee, hata kwetu tuna ndugu. Lakini hawabadiliki kila mwezi."

Baba mdogo akamjibu kwamba Wahehe tuko wengi. Mbele za Mungu, akaongeza, watu wote ni ndugu. Hapo unamjibu nini mzee wa kanisa?

Sasa mimi, niliyekuwa ndugu wa kweli pekee mle ndani, nilikuwa nafua mashuka, nachota maji, napasua kuni na kupika ugali wa watu kumi na mbili. Mshahara wangu ulikuwa hakuna. Nikigusia tu, ananiangalia kwa masikitiko.

"Mshahara ni wa mtu baki. We ni mwanangu. Nitakuozesha mimi."

Na mimi nilitaka kuoa, wakuu. Kulikuwa na binti kule Nyololo, anaitwa Eliza. Baba yake alitaka ng'ombe watatu kabla ya Krismasi, na kuna dereva wa shamba la chai alikuwa tayari ameshaonyesha wawili. Mimi nilikuwa nimeonyesha heshima tu.

Miaka miwili ilipita, hata mkia wa ng'ombe sijauona.

Ndipo homa ikaingia. Ilikuwa miezi ya baridi, na anayeijua baridi ya Iringa hahitaji kuambiwa. Watu waliugua nyumba kwa nyumba, malori yakapungua, wasafiri wakaogopa kulala kitanda alichokohoa mwingine. Tukabaki na wageni watatu waliokwama: mfanyabiashara wa mchele kutoka Mbeya aitwaye Mwaisaka, na wauza vitunguu wawili wa Ruaha Mbuyuni.

Bili ya umeme ikalala miezi miwili. Bwana Sefu akaleta barua ya kukata waya.

Wiki hiyo hiyo tangazo likabandikwa nje ya ofisi yao. Wateja wa biashara walioathirika na homa watalipa nusu kwa miezi mitatu, na hawatakatiwa. Masharti: biashara ithibitishwe kwa macho, na mwenye wafanyakazi wa mshahara atafikiriwa kwanza.

Wateja wa biashara. Siyo wa nyumba ya kuishi.

Nilimwona baba mdogo akilisoma mara tatu, midomo ikicheza. Nilidhani anasali. Kumbe mtu anahama ukoo.

Kesho yake alinipa kopo la rangi nirudishe namba milangoni. Akapigilia ubao nje: NYUMBA YA WAGENI, VITANDA SAFI. Halafu akawapitia wale wageni watatu, akawaambia karani akija waseme wao ni wateja na wanalipa kila siku.

Hapa ndipo alipokosea. Hakuwaeleza sababu. Mzee wa Kihehe hajielezi kwa watu waliokuwa wanamwita baba.

Mwaisaka alinifuata jikoni, uso umemjaa huruma. "Baba mdogo homa imempanda kichwani," akaninong'oneza. "Miaka yote anatuambia tuseme ndugu, leo ati tuseme tunalipa? Huyu atajifungisha. Tumlinde."

Nilitaka kumweleza. Wakuu, ningeweza kabisa kumweleza. Nilikumbuka wale ng'ombe wawili wa dereva, nikaendelea kukoroga uji.

Bwana Sefu akaja saa nne asubuhi na fomu zake. Akaegemea mlango wa chumba cha shangazi, rangi haijakauka, akaondoka pale na namba tatu mgongoni kwenye shati jeupe. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Akamgeukia Mwaisaka. "Wewe ni mteja hapa?"

"Mteja wa nini?" Mwaisaka akasema. "Huyu ni baba mdogo wangu. Mdogo wake baba kabisa. Na nyumbani unalipa?"

Baba mdogo akacheka kicheko kikavu. "Anatania huyu. Mwaisaka, mwambie bwana ukweli."

"Ukweli ndo huo, baba. Wewe pumzika, unaumwa."

Wauza vitunguu wakaulizwa. Nao wakaapa ni watoto wa dada yake. Mmoja akaenda mbali zaidi, akamshika mkono na kumwambia mama anamsalimia.

Sijawahi kuona mtu akikosa raha kwa kupendwa kiasi kile. Jasho lilimtoka, na ilikuwa baridi ya kutia koti.

Bwana Sefu akafunga kalamu. "Basi mzee, ni nyumba ya familia kama ulivyosema siku zote. Waya tutakata Ijumaa."

Baba mdogo akageuka, macho yakatua kwangu. Akanivuta mkono mpaka mbele ya karani.

"Huyu je? Huyu si ndugu yangu. Huyu ni mtumishi. Nimemwajiri miaka miwili sasa."

"Unamlipa?"

"Tena vizuri. Shilingi hamsini kwa mwezi."

Wakuu, nilisikia mshahara wangu kwa mara ya kwanza siku ile, kutoka kinywani mwa aliyekuwa anadai haupo. Na aliutaja mkubwa ili biashara ionekane nzito.

Nitasema ukweli, iliniuma. Mtu aliyesimama kwenye kaburi la baba yangu akaahidi kunilea, ananikana kwa ajili ya taa sita na birika la umeme. Machozi yalinilenga. Lakini akili nayo ilikuwa inapiga hesabu.

Bwana Sefu akaniuliza kama ni kweli. Nikasema, "Ndiyo bwana, mimi ni mtumishi wake. Hamsini kwa mwezi."

Akaandika. Baba mdogo akatia sahihi, mimi nikatia yangu. Kwa utaratibu wa ile fomu, nakala moja ilibaki kwa mfanyakazi. Nikaikunja, nikaitia kwenye Biblia.

Nafuu akaipata. Nusu bili, miezi mitatu. Kisha ikaja barua ya pili: kwa kuwa yeye mwenyewe amethibitisha kuwa ni biashara na ana mtumishi kwa miaka miwili, tafadhali alipe tofauti ya bei ya miaka hiyo miwili.

Wakati bado anaisoma, nilikuwa kwa mchungaji na nakala yangu.

Wazee wa kanisa wakamwita mwenzao. Akaja na maneno yake yale yale, kwamba ndugu hadaiani na ndugu. Mchungaji akaisoma fomu kwa sauti mpaka kwenye sahihi, akauliza, "Hii ni ya kwako?" Mimi niliangalia viatu vyangu, na sikumsikitikia hata kidogo.

Alinilipa kwa ng'ombe. Wanne. Watatu wakaenda Nyololo kabla ya Krismasi, na dereva wa chai akaachiwa barabara yake.

Siku ya harusi baba mdogo alisimama, akapangusa jicho, akasema: "Nilimwahidi mwanangu nitamwozesha mimi mwenyewe, na leo nimetimiza." Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi, maana uongo haukuwemo.

Somo nililolipata: uongo ukikulisha miaka yote hiyo, usiusaliti kwa nafuu ya miezi mitatu. Na wewe unayefanya kazi kwa ndugu, penda sana siku anayokutana na serikali. Ndiyo siku utakayojua thamani yako.

Alipofariki, miaka mingi baadaye, Mwaisaka alikuja kutoka Mbeya na watu wawili nisiowajua. Walilia kwa sauti, "Baba mdogo, baba mdogo." Walipoulizwa jina la marehemu ili liandikwe kwenye daftari la msiba, hakuna aliyelijua.

Mimi nililijua. Lakini kulia kama wao nilishindwa.

Haya, nimemaliza na kidole kimekufa ganzi. Mliolelewa kwa kufua mashuka ya watu na kuahidiwa ng'ombe, semeni hapa chini. Mlilipwa au bado ni wana?