Baba aliomba ruhusa ya mahakama kwenda India, nikaitwa mbele kumsemea

Wakuu habari zenu, na mlionizidi umri shikamooni.

Mimi humu huwa nasoma tu na kuondoka. Hata darasani nikiulizwa swali sauti inapotea. Leo nipo internet café ya hapa Bariadi mjini, kaunta buku langu la diary liko mapajani, nanakili kutoka humo. Chumvi sitaongeza, na pale nisipojua nitasema sijui.

Niko form four. Haya yalitokea mwaka jana.

Baba alikuwa mtunza ghala wa kampuni moja ya kununua pamba, hizi za watu binafsi zilizojaa kwetu tangu soko lifunguliwe. Msimu ulipoisha pamba ikaonekana pungufu. Akafikishwa mahakama ya wilaya, wizi wa mali ya mwajiri.

Aliiba? Sijui. Nimemtazama sana usoni wakati wa kula na bado sijui.

Dhamana alipata. Sharti moja lilikuwa asitoke nje ya nchi bila ruhusa ya mahakama. Nyumbani tulilicheka hilo. Baba na nje ya nchi wapi na wapi, mtu ambaye mwisho wake ni Mwanza.

Kicheko kiliisha dada yangu Nkwimba alipoanza kuvimba uso na miguu. Ni figo, zote mbili. Akapelekwa Mwanza, kisha Dar, mama akiwa naye. Madaktari wakasema atakwenda India, lakini lazima apatikane ndugu wa kumpa figo moja. Mama ana presha. Baba mkubwa Masunga damu haikulingana. Mimi umri ulikuwa haujafika. Aliyefaa ni baba peke yake.

Kwa hiyo mahakama ikikataa, dada anakufa. Sentensi hiyo niliiandika kwenye diary nikaifuta, halafu nikaiandika tena.

Karani wa mahakama alituelekeza vizuri tu. Maombi ya maandishi, kiapo, barua za hospitali, na mdhamini akubali kwa sahihi. Mdhamini ni huyo baba mkubwa Masunga. Alisaini akijua kuwa baba akipotea wanamfuata yeye. Tukapangiwa tarehe, wiki mbili mbele.

Kosa tulilifanya ndani ya hizo wiki mbili.

Kwa msioijua Usukuma: kwetu mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine wanakaa kwa marafiki vijiji vingine, ili ugonjwa ukiingia usimalize wote. Aliyewekewa anakamua maziwa, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe. Karatasi hakuna. Ndiyo maana mtu akitaka kwenda mbali sana anazunguka na mtoto wake akimwonyesha, huyu wetu, yule wetu.

Nkwimba ndiye wa kwanza ila alikuwa kitandani Dar. Mdogo wetu ana miaka sita. Nikabaki mimi.

Tulikwenda kwa baiskeli, mimi nyuma kwenye keria. Siku ya kwanza Nkololo, ya pili Nkoma. Kila mji tunaofika baba anasalimia "mwangaluka", tunapewa maziwa, kisha ananiita zizini.

Mzee wa Nkoma alinitania sana. "Ndiye mchungaji mpya huyu? Ng'ombe wakitoroka atawaita kwa Kiingereza?"

Nilicheka, huku najiuliza. Kuaga gani huku?

Wakati wa kurudi kulikuwa na mchanga mwingi, tukashuka, baba akawa anasukuma baiskeli. Nikajikaza nikamuuliza kama atarudi. Hakujibu. Aliendelea kusukuma.

Kwenye diary siku hiyo niliandika, labda anatoroka kweli. Nilimwogopa baba yangu mwenyewe, na wakati huohuo naogopa asipokwenda.

Basi yule mzee wa Nkoma, kwa utani wake uleule, akasema mnadani kwamba rafiki yake amepita anagawa ng'ombe, huenda wasionane tena. Maneno yakafika kwa watu wa kampuni.

Siku ya maombi PP, yaani mwendesha mashtaka, akasimama. Akasema mshtakiwa amegawa mali zake vijijini, anajiandaa kukimbia. Akaomba maombi yakataliwe na dhamana ifutwe siku hiyohiyo.

Wakuu, mimi sikujua kuwa mtu anaweza kwenda kuomba ruhusa akaishia mahabusu. Baba mkubwa pembeni yangu alianza kuhema kama aliyekimbia. Askari alikuwa mlangoni, nikawa natazama viatu vyake tu.

Hakimu alikuwa mama wa makamo. Akamuuliza baba alikuwa na nani kwenye huo mzunguko. Baba akanitazama.

Nikaitwa mbele na sare yangu ya shule, nikaapishwa. Mara mbili niliambiwa nipaze sauti. Nikaeleza kama nilivyoeleza hapa juu, hadi pale nilipomuuliza baba kama atarudi, nikaishia hapo. Nikaongeza kwamba angetaka kutoroka si angewauza hao ng'ombe. Watu wakaguna kukubali, nikadhani nimemaliza.

PP akainuka tena.

"Wewe mwenyewe ulimuuliza kama atarudi?"

"Nilimuuliza."

"Akakujibu nini?"

Ningeweza kusema aliniahidi. Nani angejua? Tulikuwa wawili tu kwenye ule mchanga.

"Hakujibu."

PP akaketi. Nikaona nimemuua dada.

Hakimu akamgeukia baba, akataka kujua kwa nini hakumjibu mtoto.

Baba akasema, "Mheshimiwa, nakwenda kupasuliwa. Nimeshaona watu wanaingia chumba cha upasuaji wanatoka wamefunikwa shuka. Ndiyo maana nilimwonyesha ng'ombe. Kumwahidi sikuweza. Naogopa."

Sijawahi kumsikia baba akisema neno hilo, kabla wala baada.

Hakimu aliandika muda mrefu, kisha akasoma. Ruhusa imetolewa, miezi mitatu. Aongezwe mdhamini mwingine, na akirudi aikabidhi pasipoti mahakamani.

Alirudi. Alishuka kwenye basi ameshika ubavu, akapita mahakamani kwanza kukabidhi, ndipo akaja nyumbani kula. Nkwimba yuko hai, bado yuko Dar kwa ajili ya clinic. Kesi ya pamba inaendelea. Hukumu haijasomwa.

Nilichojifunza, ukiwa na kesi na unaomba kusafiri, mambo ya kwenu yaandikwe mapema kwenye kiapo. Kuaga kwetu, PP alikuona ni kutoroka.

Lingine bado linanisumbua. Baba hajawahi kuniambia kama nilikosea kujibu vile. Wanasheria humu, na nyie wenye watoto, ningesema aliniahidi? Andikeni tu, hata kwa ukali. Kujibu naweza nikashindwa, lakini nitasoma yote.