Dishi la Bi Sichana wa Paje

Mara ya kwanza Sichana kuingia dukani kwangu Mlandege, ninakouza madishi ya televisheni, alitaka dishi lililopondeka ukingo. Nikamtajia bei ya dishi zima. Akaligonga kwa kidole.

"Bwana Amour, hili hata kuku hanywei maji."

Tulivutana mpaka adhuhuri. Alipoondoka nalo nilicheka: mkulima wa mwani wa Paje kaniondoshea takataka.

Nilicheka mapema. Mwani ulipoanza kuoza kwa joto la maji, Sichana alikuwa keshajifunza kwa kaka yake kupanda mapaa na kufunga madishi. Kaka akenda Omani, spana zikabaki kwake. Nikimpeleka fundi wangu Ayoub kusini, ananirudia mikono mitupu: "Bi Sichana kashapita."

Hilo nilivumilia. Lililoniunguza ni setilaiti ya majaribio. Watafiti walioirusha walitaka mtu mmoja Unguja wa kupokea mawimbi yake na kuyaandika kwa miaka miwili. Wakatupa wiki moja mimi na yeye. Atakayeyashika kwa muda mrefu zaidi, kazi yake. Mimi nina duka na muhuri. Yeye ana lile dishi langu bovu.

Langu nililisimamisha Mbweni, juu ya nyumba. Mawimbi yalipopatikana nikamwambia Ayoub akaze nati zote na amwage saruji kwenye mguu, kama tufanyavyo siku zote kwa hofu ya upepo wa kusi. Dishi linalocheza ni aibu ya fundi. Asubuhi mawimbi yakajaa. Saa sita yakakatika. Kesho yake vilevile. Nilibadilisha waya, nikamtukana Ayoub, bado yakakatika.

Siku ya nne nikenda Paje, najidai napita. Sichana alikuwa anazungusha jeki ya gari aliyoipachika nyuma ya dishi. Ukutani kaandika saa kwa mkaa.

"Hujalifunga?"

"Nnalifunga vipi, na setilaiti yenyewe inatembea? Inazunguka pamoja na dunia, lakini kwa mshazari. Sisi huku tunaiona inapanda kaskazini, inashuka kusini, kila siku."

"Nani kakwambia?"

"Nani kamwambia mlima mwani maji yanapwa saa ngapi? Nimekaa nikaangalia. Bahari kila siku inachelewa. Hii kila siku inatangulia dakika nne. Na dishi uliloniuzia, Bwana Amour, lina kipondo. Halijapata kukubali nilikaze, basi nkazoea kulizungusha."

"Basi tuungane, Bi Sichana. Nikupe dishi jipya."

"Saruji yako ishakauka?"

Jirani yake Mashavu, aliyekuwa anaanika mwani, akacheka mpaka akakaa chini.

Nikarudi Mbweni kuvunja saruji. Mguu wa dishi ukapasuka pamoja nayo, na wiki ikaisha.

Sasa kazi ni ya Sichana, na watafiti wamemtundikia kibao chenye jina lake. Lakini hawezi kuliacha dishi hata saa moja, kwa hiyo mapaa yote kutoka Paje mpaka Makunduchi yamerudi kwangu. Kwa mizani ya biashara nimepata mimi zaidi yake. Hata hivyo, kila Ayoub akirudi kutoka kusini, kabla sijamuuliza kafunga madishi mangapi, namuuliza kama lile lenye kipondo bado linazunguka.

"Linazunguka," hunijibu. "Na kibao kapaka rangi upya."