Watu Arobaini na Mmoja Chini ya Maji

Safari yetu ya chini ya bahari iligharimu karatasi nne za daftari la hesabu, nusu penseli, sahani mbili za chevda, kile kitafunio cha Kihindi chenye pilipili, na viboko vitatu vya mshipi. Nimehesabu mara mbili. Kiboko cha nne kilipiga kiti, kwa hivyo hakiingii.

Nyinyi mliokulia Nairobi miaka ya themanini mtanielewa. Likizo ya Agosti ilikuwa na baridi ya kuuma masikio, televisheni ilianza jioni, na mtoto aliyelalamika kwamba ameboeka alipewa ndoo akachote maji. Tulicheza kati, bano na blada mpaka Mama aite mara tatu. Mara ya tatu aliita majina yako yote pamoja na la babu yako, na hapo ulikimbia.

Sisi tulikaa kwota, vyumba vya wafanyakazi nyuma ya nyumba ya kina Nilesh, rafiki yangu, kule Muthangari. Mama aliwafulia na kuwapigia pasi. Baba alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini, akibeba kutwa bahasha asizoruhusiwa kufungua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilitumwa soko la Dagoretti kwa sababu nilijua kukataa bei ya kwanza. Na ya pili.

Agosti hiyo Bhavna, binamu yake Nilesh, alikuja kutoka Uingereza na kijitabu chembamba cha mchezo ambao hatukuwa tumeuona. Hakukuwa na ubao wala kete. Mmoja anasimulia, wengine wanasema wanafanya nini, na dadu inaamua kama wamefaulu. Hadithi yenyewe ilikuwa ya miaka mia na zaidi ijayo. Kituo cha wanasayansi sakafuni mwa bahari kimepasuka, watu arobaini na mmoja wamefungiwa katika chumba cha mwisho, na waokoaji ni wawili tu: mimi na Nilesh. Kijitabu kilisema mchezo umalizwe kwa kikao kimoja. Bhavna alikuwa anasafiri Jumapili asubuhi, na kijitabu chake. Kwa hivyo ilikuwa Jumamosi au basi.

Nilesh alikuwa ameiona bahari mara moja, Mombasa, akaitapikia. Mimi maji mengi niliyoyajua ni ya Aprili, barabara ikigeuka mto. Kituo kile nilikiwaza kama hospitali kubwa ya kule karibu na Upper Hill nilikowahi kulazwa: korido isiyoisha, taa moja inayopepesa, harufu ya dawa ya sakafu, na hakuna anayekwambia mlango wa kutokea uko wapi.

Ijumaa nikaandika mpango wetu kwa Kiswahili, ili Kiingereza cha kijitabu kisinichanganye. Jumamosi saa nane nikauacha juu ya kitanda, kwa kuwa nilikuwa nimeshaukariri, nikaenda.

Tulikaa mezani kwa kina Nilesh, mapazia yamefungwa. Bhavna, aliyekuwa msimulizi, alisema tuna hewa ya pumzi nane tu.

"Nane?" nikamwambia. "Hata mtungi wa gesi huongezwa kidogo. Fanya kumi na mbili."

"Wewe, hii si soko!" Nilesh akafoka.

Tukaafikiana tisa. Baa, nyanya yake Nilesh, akaleta chevda na chai ya tangawizi, akatazama nyuso zetu, akasema, "Nyinyi kula kwanza. Halafu kufa."

Tulipita maji ya kiunoni, tukadanganya mashine moja iliyolinda ngazi, Nilesh akavunjika mkono na kulia kana kwamba ni wake wa kweli. Tukafika kwenye mlango wa mwisho tukiwa na pumzi tatu. Bhavna akagonga meza kwa kidole, polepole. Walikuwa ndani, wanagonga. Nikatikisa dadu ya ludo mkononi. Nilihitaji tano au sita.

"Nafula."

Baba alikuwa kwenye mlango wa jikoni, ameshika viatu vyake mkononi. Kwa kawaida Baba akikasirika alipaza sauti. Sasa alinong'ona. Nikaiweka dadu chini bila kuitupa.

Tulipofika kwota alifunga mlango, akaongeza sauti ya redio, akakunjua karatasi zangu. Naziandika hapa kama alivyozisoma yeye: "Jumamosi, kikao kimoja tu. Tunaenda chini ya maji. Lango la nyuma halina mlinzi. Tusipofaulu watu arobaini na mmoja watakufa. Amri zote zitoke kwa Kapteni."

Mnajua Mnairobi akisema jambo linafanywa chini ya maji anamaanisha nini. Ni siri. Na miaka ile, kwa kuogopa wapelelezi wa serikali, watu wazima walishusha sauti hata wakitaja bei ya unga, sembuse kikao cha siri.

"Kapteni ni nani?" Baba akauliza.

"Ni mimi, Baba."

"Usinichezee! Nani anawaongoza?"

"Bhavna."

"Yule wa Uingereza?"

"Ndiyo. Lakini anaondoka kesho."

Kila jibu la kweli lilizidi kutuharibia. Alizitia karatasi kwenye jiko moja moja, akakoroga majivu kwa kijiko, ndipo akavua mshipi.

Jioni Baa alikuja hadi mlangoni petu, jambo asilolifanya kamwe. "Mzee," akasema, "hiyo mchezo ya watoto tu. Samaki-samaki." Baba akamshukuru kwa heshima zote. Mimi hakuniomba msamaha. Baba wa enzi zile hakuwa na hicho kifaa.

Jumapili gari la kina Nilesh lilitoka alfajiri kwenda uwanja wa ndege. Baba alikuwa anapaka viatu rangi kwa ajili ya kanisa. Bila kuinua uso akauliza, "Wale watu arobaini na mmoja. Walitoka?"

"Hatujui, Baba. Hatukumaliza."

Akapiga brashi kiatu kile kile kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Siku hizi watoto hucheza na masikio yameziba, wakifa wanabonyeza kitufe wanafufuka kabla chai haijapoa. Nilipomsimulia mwanangu akashangaa: "Si mngeanza tu upya, Mathe?" Nikamwambia upya haukuwa umeletwa Kenya. Akacheka, akarudi kufa. Sijui kama kuna mlango wowote uliowahi kumnyima usingizi.

Baba sasa ana miaka themanini na mitatu na anasahau. Jina langu hulipata siku moja kati ya tatu. Lakini mara mbili mwezi huu amenishika mkono, akaniangalia vizuri na kuuliza kwa sauti ile ile ya chini kama wale watu walitoka. Mara zote mbili nimesema sijui, kwa sababu ndiyo hesabu ya kweli, na yeye amegeukia ukutani.

Sijawahi kumpa mtu idadi ambayo sikuihesabu mwenyewe. Nyinyi wa rika langu, wenye wazazi wa umri huo, nishaurini: akiuliza tena, nimwambie walitoka wote?